Binti ameajiriwa, anarudi kusoma nini tena?

Juma hili katika safu yetu ya afya na usafi tunaweka kando kidogo habari za maji ya kunywa na vyoo, tuzungumze juu ya wale wanaotuhudumia tukilazwa, yaani wauguzi na wakunga, na hasa elimu yao ya juu. Sababu ya kuchagua maudhui haya ni swali nililoulizwa nje ya msikiti hapa Songea baada ya swala ya Alasiri.

Aliyeuliza ni mzee anayeheshimika hapa mjini. Binti yake alimaliza shahada ya kwanza ya uuguzi, akafanya mwaka wake wa mazoezi, akaajiriwa katika hospitali moja ya mkoa wetu huu wa Ruvuma. Baada ya miaka michache ya kazi amepata barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya ukunga Muhimbili, Dar es Salaam. Wakati huo huo posa imekuja, na mahari imeanza kuzungumzwa.

"Kijana wangu," akaniambia, "huyu ameshasoma, mshahara anao. Ukunga si ndio anaoufanya kila siku? Bibi yake alikuwa mkunga kule Namtumbo, amezalisha nusu ya kijiji, na Muhimbili hakuijua. Huyu anarudi kusoma nini tena?"

Nilimjibu kwa ufupi maana bodaboda wake alikuwa anapiga honi. Lakini jibu fupi halikumtosha, nami halikunitosha. Nikaona niliandike hapa kwa urefu, kwa kuwa nyumba zenye swali kama hili ni nyingi, na nyingine hazijapata wa kumuuliza.

Si kila avaaye nyeupe ni sawa

Wengi wetu tukifika hospitali kila mwanamke aliyevaa nguo nyeupe ni "nesi" au "sista", basi. Tunamwita, anakuja, yamekwisha. Ukweli ni kwamba wapo wenye cheti, wenye stashahada (ndiyo diploma), wenye shahada ya kwanza, na juu yao wenye uzamili, na wachache sana wenye uzamivu, yaani madaktari wa falsafa katika fani ya uuguzi. Serikalini mwenye diploma huajiriwa kwa cheo cha Afisa Muuguzi Msaidizi, na mwenye shahada kwa cheo cha Afisa Muuguzi. Wote husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linaloongozwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Asiye na leseni hai ya Baraza hana ruhusa ya kufanya kazi ya uuguzi, hata awe na vyeti vya kujaza sanduku.

Shahada ya kwanza huchukua miaka minne, kisha mwaka mmoja wa mazoezi kazini. Mwanafunzi huzungushwa kila mahali: wodi ya wanaume, wodi ya wanawake, leba, watoto, upasuaji, magonjwa ya akili, kliniki ya kijijini. Anatoka akiwa muuguzi wa wote. Hilo ni jema, kwa sababu zahanati ya Tunduru haiwezi kuwa na mtaalamu wa kila jambo. Lakini muuguzi wa wote, akipangiwa leba, atakutana na mambo ambayo aliyapitia wiki chache tu akiwa chuoni. Uzamili ndipo mahali pa kuchagua mlango mmoja na kuingia ndani kabisa.

Nimjibu hapa mzee wangu habari ya bibi. Bibi yule Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Kazi yake ilikuwa kubwa na aliifanya bila mshahara. Lakini naye angekuwa wa kwanza kutuambia kuhusu wale waliomfia mikononi kwa damu, na wale waliopata kifafa cha mimba akabaki kuwasomea dua na kusubiri gari lisilokuja. Taifa letu, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, lilikuwa na vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika hesabu ya mwaka 2015/16. Katika hesabu ya mwaka 2022 vilikuwa 104. Bado 104 ni wengi, na hao waliobaki ndio wagumu zaidi kuwaokoa. Wanahitaji mikono yenye elimu zaidi ya ile iliyotufikisha hapa.

Kinachosomwa

Uzamili wa uuguzi katika vyuo vyetu kwa kawaida ni miaka miwili, na una sehemu tatu: masomo ya darasani, mazoezi ya vitendo wodini, na utafiti unaoandikwa kuwa tasnifu. Mwombaji awe na shahada ya kwanza ya uuguzi, kwa kawaida isiyopungua GPA ya 2.7 kati ya 5, yaani daraja la pili la chini, na awe amesajiliwa na Baraza. Majina ya masomo na idadi ya uniti hutofautiana chuo kwa chuo, kwa hiyo kila mwombaji asome mwongozo wa chuo anachokwenda, asitegemee maneno ya aliyesoma kwingine.

Masomo ya darasani yapo ya aina mbili. Kuna yale ya shina, ambayo kila mwanafunzi wa uzamili huyasoma awe wa ukunga au wa wagonjwa mahututi. Humo kuna nadharia za uuguzi, uchunguzi wa mgonjwa kwa kina tangu kichwa hadi nyayo, namna maradhi yanavyoharibu kazi za mwili, elimu ya dawa, epidemiolojia (yaani elimu ya namna maradhi yanavyosambaa katika watu), takwimu, mbinu za utafiti, maadili, uongozi wa huduma, na ufundishaji. Kisha kuna masomo ya fani yenyewe.

Hapa wengi huuliza: takwimu za nini kwa mkunga? Anakwenda kupokea mtoto au kupiga hesabu za benki? Swali hili ni zuri, na jibu lake lipo karibu na nyumbani.

Mama akishajifungua hutokwa na damu. Damu kidogo ni kawaida, nyingi ni hatari. Miaka yote wakunga walikuwa wakikadiria kwa macho: khanga imelowa kiasi gani, godoro limelowa kiasi gani. Macho hudanganya. Mara nyingi damu inayoonekana ndogo ni kubwa, na mama hugundulika amechelewa. Watafiti walifanya jaribio katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, likahusisha wanawake zaidi ya 210,000, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2023. Nusu ya hospitali ziliendelea na utaratibu wa kawaida. Nusu nyingine zilipewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, unaowekwa chini ya mama ili kukinga damu, na wakunga wakafundishwa kwamba damu ikifika alama fulani wasingoje: wakande tumbo la uzazi, watoe dawa ya kulikaza, watoe dawa ya kuzuia damu, waweke dripu, na wachunguze damu inatoka wapi, yote kwa pamoja badala ya kujaribu moja baada ya jingine. Katika hospitali hizo, waliopata damu nyingi ya kutisha, au kupasuliwa kwa ajili ya damu hiyo, au kufa kwayo, walikuwa asilimia 1.6. Katika zile za utaratibu wa kawaida walikuwa asilimia 4.3.

Tazama ndugu msomaji: mfuko wa plastiki wenye alama, na dawa ambazo zilikuwa zikijulikana tangu zamani. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kupima, kuhesabu na kuthibitisha. Mkunga aliyesoma takwimu na utafiti anaweza kuisoma taarifa kama hiyo, akaielewa, akajua kama inafaa wodi yake, akawafundisha wenzake, na mwezi wa tatu akapitia mafaili kuona kama mambo yamebadilika. Asiyeisoma atangoja waraka kutoka juu, na waraka ukifika utabandikwa ukutani.

Fani zenyewe

Muhimbili, ambacho tangu mwaka 2007 ni chuo kikuu kamili cha sayansi za afya (ndicho MUHAS), kina uzamili katika ukunga na afya ya wanawake, katika uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, na katika uuguzi wa afya ya akili. Ule wa ukunga ulijengwa kwa ushirikiano na chuo cha St. Luke's cha Tokyo, Japani. Bugando kule Mwanza kuna uuguzi wa watoto. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho hufundisha uuguzi na ukunga hadi ngazi hiyo. Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Marekani kwa mfano, wauguzi wa dawa za usingizi wanaoanza masomo tangu mwaka 2022 hawana budi kusoma hadi ngazi ya udaktari wa fani hiyo, na wapo wauguzi wenye uzamili wanaofungua kliniki zao na kuandika dawa. Kwetu bado hatujafika huko, na sidhani kama ni lazima tuige kila kitu.

Anayechukua ukunga husoma dharura za uzazi: damu, kifafa cha mimba, mtoto aliyekaa vibaya, uchungu uliokwama, mtoto asiyelia. Anasoma pia yale ambayo wengi wetu hatuyahesabu kuwa ukunga, kama fistula, saratani ya mlango wa kizazi, uzazi wa mpango, ugumba, na mwanamke aliyefika umri wa kukoma hedhi. Anayechukua wagonjwa mahututi hujifunza mashine ya kupumulia, kusoma michoro ya moyo, kupima gesi katika damu, na kumpokea majeruhi dakika zile za kwanza. Sisi wa njia ya Makambako na njia ya Tunduru tunajua ajali za mabasi na za bodaboda zinavyoingia hospitalini usiku. Mahali pengi mashine inaweza kununuliwa kwa fedha za wafadhili, ikafunguliwa kwa sherehe, kisha ikakaa na kifuniko chake kwa kuwa hakuna wa kuisimamia saa nane za usiku.

Lakini fani ambayo ningependa nyumba za Kiislamu ziitazame zaidi ni ya tatu, afya ya akili. Ndiyo inayokimbiwa. Wazazi husema, "Mwanangu akauguze vichaa?" Na kwa kukimbia huko tunaumia sisi wenyewe. Kijana anaanza kusikia sauti, hataki kuoga, anazungumza peke yake. Nyumba inasema ni jini. Anapelekwa kwa huyu na yule, anasomewa, anafukizwa, wengine Mungu atusamehe wanafungwa kamba. Mwaka unapita. Akifika hospitali amechoka, na akipewa dawa akapata nafuu, jamaa wanamwachisha kwa kuwa "sheikh amesema amepona".

Muuguzi aliyebobea katika fani hii amesoma namna ya kuzungumza na mgonjwa na jamaa zake, aina za tiba ya mazungumzo, dawa na madhara yake, sheria ya kumlaza mgonjwa asiyejitambua, na huduma ya nyumbani baada ya kutoka hospitali. Akiwa Muislamu anayejua dini yake, ataweza kukaa na baba yule na kumwambia kwamba kusomewa Qur'ani ni kheri na hakumzuii mtu kumeza vidonge saa mbili asubuhi. Neno hilo likitoka kwa mtu wa nyumbani husikika. Sisemi kwamba muuguzi asiye Muislamu hawezi. Wapo wengi wenye hekima kutuzidi. Nasema tunalalamika kuwa hatueleweki hospitalini, na hatupeleki watu wa kutueleza.

Ndivyo ilivyo pia Ramadhani. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini anauliza, "Nifunge au nisifunge?" Anayemuuliza hajui kufunga ni nini, anamjibu "usifunge" na kuendelea na kazi. Mgonjwa anafunga kwa siri, bila kubadilisha kipimo cha dawa, na siku ya tano analetwa amezirai.

Hukumu tunayoijua na hatuitendi

Wanachuoni wamefundisha kwamba elimu ya tiba ni fardhi kifaya: wakiwepo wa kutosha wanaoifanya, wengine wamesalimika, wakikosekana, dhambi ni ya mji mzima. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, katika kitabu chake cha Ihya aliitaja tiba katika kundi hilo, akalalamika juu ya miji ya zama zake isiyo na tabibu ila asiye Muislamu, ilhali watu wanasongamana katika mijadala ya fiqhi. Ni miaka zaidi ya 900 iliyopita, na ukisoma lalamiko lile utadhani ameandika juzi.

Wala si jambo geni kwa wanawake. Wanahistoria wa sira wameandika habari za Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa na hema lake la kutibia majeruhi pale msikitini kwa Mtume (S.A.W) Madina, na ndipo alipowekwa Saad bin Muadh baada ya kujeruhiwa vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria. Bibi Ummu Atiyya naye alitoka na Mtume (S.A.W) katika safari saba za vita, akipika na kuwauguza majeruhi. Hadi leo chuo kimoja cha tiba kule Bahrain hutoa tuzo ya uuguzi kwa jina la Rufaida.

Hapa mkoani kwetu Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898. Hospitali yao na chuo chao cha uuguzi vimewafaa Waislamu wengi wa Songea na wilaya za jirani, na asiyeshukuru watu hamshukuru Mungu. Wao waliona kuuguza ni sehemu ya dini yao wakajenga. Sisi tunataka mke wetu azalishwe na mwanamke, tena mwenye stara, na ikiwezekana atoe salamu akiingia. Lakini binti yetu akitaka kuwa mwanamke huyo tunaanza kuhesabu miaka yake.

Basi tuihesabu

Tuihesabu kweli, maana mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Binti akimaliza kidato cha nne akiwa na miaka 17 au 18, akaenda kidato cha tano na sita miaka miwili, shahada minne, mazoezi mmoja, uzamili miwili: ni miaka tisa bila kupumzika. Akipitia diploma ya miaka mitatu, kisha shahada, mazoezi na uzamili, ni kama kumi, bila kuhesabu miaka ya kazi katikati. Kwa njia hii ya pili, wa diploma anayetaka shahada kwa kawaida hutakiwa GPA isiyopungua 3.0, kwa hiyo asiende diploma kwa kulegea akidhani ni njia ya mkato. Faida ya njia hii ni kuwa anaweza kuanza kazi mapema akasaidia nyumbani. Kwa familia zinazongoja mahindi yauzwe ndipo ada ilipwe, mara nyingi hii ndiyo inayowezekana.

Lipo jambo moja ambalo wazazi wetu wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Miongozo ya udahili wa vyuo vya uuguzi hutaka ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza ni nyongeza inayompa mwombaji nguvu. Yasiyo ya dini. Kijana anakuja na "A" ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, na Kiswahili kizuri, na Historia, lakini Fizikia aliiacha kwa sababu shule haikuwa na mwalimu au kwa sababu aliambiwa ni somo la wavulana. Cheti hicho hakimfungulii mlango wa uuguzi. Simwambii mtu aache kusoma dini. Namwambia alama ya dini haitashika nafasi ya Fizikia pale mezani kwa mdahili. Mzazi mwenye binti sekondari aulize sasa, wakati wa kuchagua masomo, asingoje matokeo. Na seminari zetu ambazo hazina maabara zijue kwamba zinaamua mambo haya bila kukusudia.

Kuhusu fedha, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huwakopesha wa shahada ya kwanza wenye sifa, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 baadhi ya wanafunzi wa diploma, zikiwemo fani za afya. Ninajua nyumba zilizozuia watoto wao kuomba kwa hofu ya riba. Hofu hiyo ilikuwa na mahali pake: kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyoitwa ya kulinda thamani ya mkopo. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021, na ile adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa ikaondolewa mwaka huo huo. Makato ya uendeshaji yamebaki, nayo muulizeni sheikh wenu mkiwa na karatasi za mkataba mkononi, si kwa habari za kusikia. Uzamili ni hesabu nyingine. Wengi hulipiwa na mwajiri, au na ufadhili wa Wizara ya Afya kwa masomo ya ubingwa, au hujilipia. Mtumishi wa serikali anayetaka ruhusa ya masomo awe amethibitishwa kazini, na jina lake liwe katika mpango wa mafunzo wa mwajiri wake. Barua ya chuo peke yake haitoshi. Aliyeondoka kituoni bila ruhusa kwa maandishi anaweza kurudi akakuta hana kazi.

Stara na usafi wodini

Swali hili halikosekani, na linaingia moja kwa moja katika safu yetu. Hijabu na uuguzi vinakaa pamoja, ila kwa utaratibu. Mtandio uwe mfupi, uliobanwa vizuri, usioning'inia juu ya kidonda, na ubadilishwe kila siku kama nguo ya kazi. Anapomhudumia mgonjwa kwa mikono, mikono ya nguo ipandishwe ili kunawa kufike. Katika upasuaji yapo mavazi maalumu yanayofunika mwili mzima. Pete na bangili zivuliwe, kucha zikatwe. Hina ya rangi isiyofanya tabaka haina tatizo. Kucha za bandia hazifai wodini, na kwa udhu pia zina maneno.

Na tujue kwamba udhu, kwa utukufu wake, haushiki nafasi ya kunawa mikono kitaalamu. Muuguzi hunawa kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi kama ya kuingiza sindano au mrija, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka kama kitanda na shuka. Wengine huogopa dawa ya kusafishia mikono yenye alkoholi. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 16 huko Makka Januari 2002, lilitoa uamuzi kwamba inajuzu kuitumia alkoholi kwa nje kama dawa ya kuua vijidudu. Wakati wa korona tuliitumia hata milangoni mwa misikiti.

Kuhusu kukaa mbali, Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900 kutoka hapa, na mzazi kuwa na wasiwasi ni haki yake. Wengine hupata shangazi au kaka wa kukaa kwake, wengine hukodi chumba wasichana wawili watatu wenye adabu moja, wengine huwa wameolewa na mume amekubali. Posa haina budi kuzungumzwa pamoja na masomo, mbele ya wazee, kabla ya mahari, na yaliyokubaliwa yaandikwe. Nimeona ndoa zilizoyumba kwa sababu kila upande ulidhani mwenzake ataghairi baada ya harusi.

Haya niliyaandika kwanza katika daftari nikampelekea mzee nyumbani kwake Majengo. Alivaa miwani akasoma yote kimya, sehemu ile ya damu akairudia mara mbili. Akanyamaza kidogo, kisha akamwita mkewe aliyekuwa uani, akamwambia, "Mama fulani, njoo usome hapa, halafu uniambie yule mdogo wetu alifariki kwa nini." Nilijisikia vibaya, sikujua kama kulikuwa na msiba wa namna hiyo katika nyumba ile. Yule mama alisoma akiwa amesimama, akarudisha daftari, akaniuliza kama mfuko ule wenye alama upo katika hospitali za huku kwetu. Nikamwambia aulize binti yake.

Baadaye nilisikia kwamba upande wa kijana wamekubali ndoa ifungwe kabla ya masomo kuanza, naye kijana atajaribu kuhamia Dar es Salaam kikazi. Barua ya kuomba ruhusa ya masomo imekwisha kupelekwa kwa mwajiri. Mwaka wa masomo kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba, na hadi ninapoandika haya majibu ya mwajiri hayajatoka.